Kidole Gumba cha Kushoto

Jumatano, 10 Januari

Majani ya chai machache. Jua limekaza, chipukizi ngumu. Kikapu kilifika kituo cha kupimia majani kikiwa nusu. Mke wangu Sarah alichuma mistari yake na nusu ya yangu kwa sababu nilikuwa nanakili kumbukumbu za kikao cha kanisa. Anasema mwandiko unakula wakati wa majani. Ni kweli. Napenda kuandika. Nimekuwa katibu miaka kumi na mmoja na hakuna aliyewahi kuniuliza hili ni neno gani.

Kinachoniua ni nyasi. Ng'ombe wawili, panga moja. Nakatakata nyasi za nepia asubuhi, nakatakata tena jioni. Mgongo umekataa. Nimemwambia Sarah tununue mashine. Amenyamaza. Maana yake amekubali.

Jumamosi, 13 Januari

Tumenunua. Mashine ya kukatakata nyasi, ya stima, unazisukuma mdomoni visu vizikate, rangi ya kijani, inang'aa. Duka la Mosonik pale Sosiot. Tunaabudu naye kanisa moja, na mabati ya jengo letu aliyatoa yeye. Alinishika bega. "Katibu, hii ni mpya kabisa. Imetoka kwa boksi juzi." Nikamwomba aandike hivyo kwa risiti. Alicheka, akaandika: mashine mpya, moja.

Sarah alikuwa akisoma bango lililo ukutani. Mali ikishauzwa hairudishwi. Tukiwa njiani aliniuliza mbona mtu mwaminifu anaweka maneno kama hayo. Nikamwambia yako kila duka.

Nyasi za siku nzima zilikatwa kabla chai haijachemka. Nilicheka peke yangu zizini kama mtoto.

Jumanne, 16 Januari

Mashine inatetemeka. Mguu mmoja una ufa. Swichi ni mbaya zaidi. Nabonyeza kitufe chekundu, mara inazima, mara inaendelea kunguruma kana kwamba sikugusa kitu.

Nilimwita Nyabuto, fundi wa kuchomelea vyuma sokoni. Ni mtu wa Kisii, alikuja huku akiwa kijana na hajarudi. Kazi yake ni safi. Alifungua mfuniko wa mota. Akakwaruza rangi kwa bisibisi. Chini ya kijani kuna nyekundu. Chini ya nyekundu kuna kutu. Waya za mota zimesukwa upya. Namba ya kiwandani imesuguliwa kwa tupa mpaka haisomeki.

"Katibu, hii imekata nyasi miaka mingi. Na hapa mdomoni palikuwa na kinga ya mikono. Iling'olewa."

Alichomelea mguu. Akachora herufi yake upande wa ndani, N yenye mkia, kama anavyofanya kwa kila kazi. Swichi hakuigusa. Alisema niirudishe mashine nzima nzima.

Nina hasira. Hasa nikikumbuka nilivyocheka.

Alhamisi, 18 Januari

Nilienda kwa Mosonik. Hakukasirika. Alinipa kiti, akaagiza soda. Nikamweleza rangi, namba, swichi, kinga. Akasema mashine zote hutetemeka zikiwa changa, swichi italegea, na kinga ni ya watu wasiojua kazi. Nikasema nataka arudishe pesa au anipe nyingine. Akaelekeza kidole juu ya kichwa chake, kwenye lile bango, bila hata kugeuka.

Nilimaliza soda yake. Hilo ndilo linaloniudhi. Niliimaliza.

Jumatatu, 22 Januari

Asubuhi. Ng'ombe wanalia. Sarah ameenda shambani kuchuma. Ndama wa ng'ombe wetu Chepsirgoi anakohoa, nimwite daktari wa mifugo kesho. Naenda kukata nyasi kisha nimfuate Sarah.

Jumapili, 4 Februari

Mkono wa kushoto.

Naandika polepole. Herufi zinaanguka. Mstari huu umechukua muda mrefu.

Jumatano, 7 Februari

Nataka kuandika ilivyokuwa, mara moja, nisirudie.

Nyasi zilikwama mdomoni. Nilibonyeza nyekundu. Mota ikanyamaza. Nilisubiri mpaka gurudumu la visu likasimama kabisa. Niliona limesimama. Nikaingiza mkono wa kulia kutoa nyasi. Ikajiwasha.

Sikung'oa plagi ukutani. Ningeing'oa. Hatua nne tu.

Sarah alisikia akiwa mwisho wa shamba. Alinifunga kwa leso yake. Hospitalini walijaribu kuokoa kiganja. Hawakuweza. Wamekata juu kidogo ya kifundo.

Nimepumzika mara tano kuandika haya.

Ijumaa, 9 Februari

Nimeruhusiwa kurudi nyumbani. Vidole visivyokuwepo vinauma. Daktari alinionya kuwa itakuwa hivyo. Nilidhani ananitania.

Watu wamejaa. Wanaleta maziwa, unga, kuni. Wote wanaangalia bandeji kisha wanaangalia dari. Mosonik alikuja hospitalini mara mbili nikiwa huko, Sarah ananiambia. Alileta mkate na machungwa. Aliomba kwa sauti.

Chai inachumwa kwa mikono miwili. Sijalisema hilo kwa mtu.

Jumamosi, 10 Februari

Nimefanya jambo la kijinga. Mosonik alikuja saa nne na kijana wake wa dukani na pikapu. Sarah alikuwa kituoni na majani. Nilikuwa nimemeza vidonge vya maumivu, kichwa chepesi kama pamba. Alikaa kando ya kitanda. Alisema amelia kwa ajili yangu. Alisema atachukua ile mashine mbaya na Jumatatu ataniletea mpya, ya kweli, bila malipo. Kuna karatasi kidogo tu ya kuonyesha tumeelewana.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Kijana aliisoma haraka. Nikasema siwezi kutia sahihi. Mosonik akafungua kijaluba cha wino. "Kidole tu, Katibu. Kidole kinatosha."

Akanishika mkono wa kushoto yeye mwenyewe, akabonyeza gumba langu. Mimi, niliyesoma mpaka kidato cha nne. Mimi ninayewaandikia wazee wa kijiji barua zao.

Wakaipakia mashine. Nilisikia pikapu ikishuka mteremko.

Jumapili, 11 Februari

Sarah hajaenda kanisani. Hajapiga kelele pia. Aliisoma nakala waliyoniachia, neno kwa neno, akitumia kamusi ya Kibet mwanetu. Inasema mashine ilikuwa nzima. Inasema niliumia kwa uzembe wangu. Inasema sitadai chochote, popote, milele.

Aliuliza jambo moja tu. "Na mashine umewapa?"

Nikasema ndiyo. Akatoka kwenda kukata nyasi kwa panga. Nilimsikia akikata kwa muda mrefu kuliko ng'ombe wawili wanavyohitaji.

Jumatano, 14 Februari

Hakuna mashine mpya. Simu ya Mosonik inaita mpaka inakatika.

Wino bado uko kwenye ukingo wa kucha. Nimesugua kwa jiwe.

Jumatatu, 19 Februari

Kericho mjini. Sarah aliniburuta, hakuna neno lingine. Kwanza ofisi ya biashara. Bwana mmoja mpole alichukua maelezo, akasema atapita dukani. Akasema duka haliruhusiwi kuita kitu kikuukuu kipya. Akauliza mashine iko wapi. Tukamwambia. Akaweka kalamu chini.

Kisha kortini, mahakama ya madai madogo. Dada wa masjala alituonyesha fomu. "Hapa huhitaji wakili, mzee. Unaeleza tu mwenyewe, hata kwa Kiswahili." Mistari ni mifupi na mwandiko wangu sasa ni mkubwa. Nilijaza mstari wa kwanza, nikavuka nje. Dada akataka kunijazia. Nikakataa. Sarah akanipokonya kalamu, akajaza zote. Madai mawili: bei ya mashine, na fidia ya mkono.

Nilijisikia mtoto. Pia nilijisikia, kwa dakika chache, kama mtu aliyesimama.

Ijumaa, 23 Februari

Nilienda kwa Nyabuto. Ndiye pekee aliyeiona ndani. Nilimkuta akichomelea geti. Alizima moto, akavua miwani, akaangalia bandeji muda mrefu. Machozi yalimlengalenga. Nikamwambia namhitaji kortini.

"Katibu, kibanda hiki ni cha Mosonik. Mimi ni mpangaji wake. Nikisema hayo kortini, nitalala na vyuma vyangu barabarani."

Sikumlaumu. Ana watoto wanne. Nilifika nyumbani nikamlaumu. Nilimlaumu njia nzima ya kitanda mpaka mlango na kurudi.

Jumapili, 3 Machi

Kanisani. Mosonik alikaa mstari wa mbele. Amepata samansi, wito wa korti. Baada ya ibada mchungaji alituita ofisini sote watatu. Alisema ndugu wa imani hawapelekani kortini. Alisema Mosonik yuko tayari kutuchangia kitu kidogo, kwa upendo, tukiondoa kesi. Mosonik aliinamisha kichwa kama bwana harusi.

Sarah akasema, "Mchungaji, upendo alikuwa nao siku ya kuuza. Alipopakia mashine, ukaisha."

Mchungaji aliniangalia mimi. Kisha akasema, kwa upole sana, kwamba kamati imeona nipumzike ukatibu mpaka nipone. Nipone nini? Mkono hauoti.

Nilimkabidhi kitabu cha kumbukumbu. Mwandiko wangu kutoka jalada mpaka jalada. Nilitamani nikichome.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kwanza ya kesi. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa. Mwamuzi ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Sote tuliinama mbele ili tumsikie.

Mosonik alikuja na suti. Alisema aliniuzia mashine mpya na nzima. Alisema mimi nilikiri uzembe. Akatoa karatasi. Alama ya gumba langu ilipita mezani, nyeusi, nene.

Mwamuzi aliniuliza kama najua kusoma. Nikasema ndiyo. Kama najua kuandika. Nikasema nilijua. Akauliza kwa nini basi kidole. Nikamweleza vidonge, wino, mkono ulioshikwa. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza, mashine iko wapi?

Mosonik akasema ilikuwa chuma chakavu baada ya ajali. Aliiuza kwa kilo. Haipo.

Tutarudi tarehe 26. Nje, Mosonik alitusalimia kwa mkono. Kwa mazoea alinyoosha wa kulia. Ukabaki hewani.

Alhamisi, 14 Machi

Siku mbaya. Sarah amechuma peke yake tangu Januari. Mistari yangu imerefuka, majani yamekomaa, hayafai tena. Nilijaribu kuchuma kwa mkono wa kushoto. Kiganja kidogo kwa saa nzima. Kisha kigutu kiligonga tawi, nikaanguka kati ya michai na nikabaki pale pale.

Nilifikiria mambo ambayo sitayaandika hapa. Sarah alinikuta. Hakuniinua. Alikaa chini kando yangu, kwenye tope, mpaka nikainuka mwenyewe.

Jumatano, 20 Machi

Nyabuto amekuja hapa nyumbani. Kwa miguu, kutoka sokoni, na jasho. Hakutaka chai. Alisimama mlangoni.

Jana aliitwa Soin, kwa mjane mmoja anayefuga, kurekebisha mashine ya kukata nyasi inayotetemeka. Rangi ya bluu, inang'aa. Aliinama kuangalia mguu. Ndani ya mguu, chini ya bluu, akahisi kitu kwa kidole. Akakwaruza. N yenye mkia.

Ile ile. Mota ile ile. Swichi ile ile. Mdomo wazi. Mosonik aliipaka rangi akamwuzia yule mama mwezi uliopita, na risiti yake inasema mpya.

Nyabuto alisema hakulala. Alisema, "Niliangalia ule mdomo wake nikaona mkono wako." Atakuja kortini. Kibanda kiende.

Nilimshika bega kwa mkono wa kushoto. Nina furaha na nina hasira. Imeoshwa damu yangu ikauzwa.

Alhamisi, 21 Machi

Soin ni joto. Yule mjane, Mama Chelimo, ni mwanamke mkali, mwembamba, anayetembea mbele yako bila kukungoja. Alidhani tumetumwa kumnyang'anya. Aliuza mbuzi wake wote kupata mashine ile. "Mkiichukua, ng'ombe wangu mtawalisha nyinyi?"

Sarah alieleza. Nyabuto alieleza. Mama alisimama mikono kiunoni. Mimi nilikunja mkono wa shati. Nikasogea kwenye mashine, ilikuwa imezimwa, plagi imeng'olewa, niliangalia mara tatu. Nikaonyesha mahali mkono ulipokuwa. Kigutu kiliishia kwenye ukingo wa mdomo. Umbali uliobaki mpaka kwenye visu waliuona wenyewe.

Mlangoni pa jikoni alikuwa ameketi kikongwe mmoja, mama mkwe wake. Mama Chelimo alimgeukia, kisha akaketi chini, pale pale kwenye mabaki ya nyasi.

"Mimi nikiwa sokoni, huyu kogo, nyanya wa watoto, ndiye huilisha hii mashine," alisema. "Kila siku."

Kikongwe hakuelewa Kiswahili chetu. Alikuwa anatutabasamia, mikono mapajani.

Jumanne, 26 Machi

Naandika yote kabla hayajanitoka.

Mama Chelimo alileta mashine kwa pikapu ya jirani yake. Iliwekwa uani, nje ya chumba. Mosonik alipoiona alitoa leso akajipangusa shingo. Nilimwona. Sitasahau.

Mwamuzi alitoka nje na karatasi zake. Nyabuto aliinama, akamwonyesha herufi, rangi tatu moja chini ya nyingine, namba iliyosuguliwa, mashimo manne ya skrubu mahali kinga ilipokuwa. Mwanzoni alieleza neno moja moja. Kisha akasahau tuko wapi, akaanza kueleza kama fundi. Alichomeka plagi, akawasha, akabonyeza nyekundu. Ikazima. Tukangoja. Ikajiwasha.

Watu wote uani waliruka nyuma. Mimi nilitapika kando ya ukuta.

Ndani, Mama Chelimo alitoa risiti yake. Mwandiko wa Mosonik, mashine mpya, moja. Mwamuzi aliweka risiti mbili kando kando. Akamwuliza Mosonik, chuma chakavu alichouza kwa kilo ni kipi? Mosonik akasema hata yeye alidanganywa na waliomwuzia. Mwamuzi akaomba karatasi za waliomwuzia. Hana.

Kisha aliniuliza mimi swali nililoliogopa. Uling'oa plagi?

Sarah alikuwa amenionya tangu juzi. Kama hawaulizi, usiseme. Wakiuliza, sema hukumbuki.

Nilisema, "Sikung'oa. Nilizima kwa swichi, nikangoja isimame. Lakini plagi sikung'oa. Hatua nne."

Nilisikia Sarah akivuta pumzi nyuma yangu. Mosonik aliinua kichwa. Mwamuzi aliandika.

Njia nzima ya kurudi Sarah hakunisemesha. Tulipofika nyumbani alisema, "Ungekuwa mwongo ningekuwa tajiri." Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Januari, akalia.

Jumatatu, 1 Aprili

Nyabuto amefukuzwa kibandani. Alipewa siku tano tu za kuhama. Vyuma vyake viko kando ya barabara, juu yake turubai. Nilienda kumsaidia kubeba. Nilibeba kidogo. Alisema wateja wamemfuata, wengine. Wengine wanaogopa kuonekana naye.

Kaburi la aibu yangu linazidi kuchimbwa. Kila mtu anayenisaidia anapoteza kitu.

Jumanne, 9 Aprili

Uamuzi umesomwa.

Ile karatasi ya gumba hainifungi. Mtu mgonjwa, lugha ya haraka, wino ulioletwa na mwenye faida. Bango la ukutani pia. Mwamuzi alisema, "Bango la duka haliwezi kufuta sheria ya nchi." Nilitaka Mosonik aelekeze kidole juu ya kichwa chake wakati ule. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Anirudishie bei yote. Anilipe fidia ya mkono, lakini imepunguzwa sehemu kwa sababu ya plagi. Mwamuzi aliniangalia aliposoma hapo. Alisema amepunguza kidogo kuliko ambavyo angepunguza, kwa kuwa mashine iling'olewa kinga na kwa kuwa nilisema kweli. Mashine isitumiwe tena na mtu yeyote. Mama Chelimo afungue dai lake mwenyewe, na ushahidi wa kesi hii utamsaidia.

Tumeshinda. Nimeliandika neno hilo nikaliangalia. Linafanana na neno lolote.

Jumamosi, 27 Aprili

Duka la Mosonik limefungwa. Si kwa ajili ya mazishi wala ukarabati. Limehamishwa. Rafu tupu, bango limebaki ukutani, linaonekana kupitia kioo. Watu wanasema bidhaa zote ni za shemeji yake sasa, na gari, na hata nyumba. Dalali wa mahakama alienda na amri, akakuta mizani moja mbovu na viti viwili. Alituambia tusikate tamaa, kuna njia nyingine, Mosonik ataitwa aeleze mali yake kwa kiapo. Itachukua muda. Alisema muda kama mtu anayejua ni mrefu.

Bwana wa ofisi ya biashara alipita. Alipiga picha kufuli.

Mama Chelimo alipiga simu. Ameuza ng'ombe mmoja. Nyasi za panga hazitoshi wawili. Hakulalamika. Aliuliza kigutu kinaendeleaje. Nilipokata simu nilibaki nimeishika. Nilienda kwake nikamwokoa kogo, nikamwachia njaa zizini. Yote mawili ni kweli na sijui niyapange vipi.

Mchungaji hajaja. Mabati bado ni ya Mosonik.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua sasa, kila alasiri. Majani yamefunguka, mengi mno kwa mtu mmoja. Tumemwajiri jirani atuchumie tugawane. Mimi nashika kikapu, napanga, nabeba mgongoni. Karani wa kituo hunishusha kikapu bila kuniuliza. Mwanzoni nilichukia. Leo sikuchukia. Nilisema asante.

Vidole visivyokuwepo vimepunguza kuuma. Au nimevizoea.

Jumapili, 12 Mei

Hatukuenda kanisani. Mvua ilianza mapema. Sarah alikuwa anapepeta maharagwe.

Mtu mmoja alipiga hodi. Amelowa mpaka mifupani, gambuti zimejaa tope. Anaitwa Mzee Arap Too, ametoka Ndanai. Alisikia kwa watu kuna mtu wa Sosiot aliyempeleka mwenye duka kortini akiwa hana wakili. Alinunua mbegu za mahindi, mfuko umefungwa vizuri, muhuri na kila kitu. Alipanda shamba lote. Hazikuota. Alirudi dukani, akaambiwa udongo wake ndio mbaya. Udongo uliomlisha miaka yote.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia nilishinda na sijalipwa. Kwamba fundi wangu yuko barabarani. Kwamba huenda akapoteza msimu na marafiki pia. Alisikiliza yote, maji yakimdondoka kofiani. Kisha akatoa mfuko mtupu wa mbegu kutoka ndani ya koti, ameukunja vizuri kama nguo ya kanisa, na risiti. Akasema yeye hajui kuandika. Watoto wako mbali.

Sarah alisimama, akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Nikamwambia aache.

Tuliketi mezani. Niliandika jina lake, mahali anapotoka, duka, mbegu, siku aliyopanda, siku aliyochimbua na kukuta zimeoza. Kila herufi kwa wakati wake. Nilikosea, nikafuta, nikaanza upya. Nilimsomea kila sentensi. Mahali fulani alisema siyo hivyo, nikarekebisha.

Ukurasa mmoja ulichukua alasiri nzima. Mvua ikakatika, ikarudi. Chai yake ilipoa, Sarah akaipasha. Hakuniharakisha.

Nilipomaliza aliuchukua ukurasa, akaupeleka karibu na dirisha, akauangalia ingawa hawezi kuusoma. Akauliza jina lake liko wapi. Nikamwonyesha. Aliweka kidole chini yake, akakiacha hapo kwa muda.